Shahada ya Kiswahili na ndoto ya udaktari wa isimu

Ndugu, unauliza kama shahada ya kwanza ya Kiswahili inatosha kuombea udaktari wa isimu nadharia (PhD ya uchambuzi wa kanuni za lugha) Marekani, na kama Kihehe ni lugha ndogo mno kuitafiti. Inatosha. Idara nyingi kule hupokea wasio na uzamili, hulipa ada na kutoa posho kwa takriban miaka 5.

Kuhusu Kihehe, ondoa hofu kabisa. Makala ya wanaisimu Bresnan na Mchombo ya 1987 kuhusu Kichewa, lugha ya Kibantu kama Kihehe, inarejelewa hadi leo.

Nguvu zako ziende kwenye andiko la mfano, yaani insha ya kitaaluma unayoambatisha kwenye maombi. Usisimulie historia ya nadharia; chukua swali moja: kiambishi cha yambwa (kama -ki- katika “nimekisoma kitabu”) kinaruhusiwa lini kuandamana na nomino yake? Kusanya sentensi kwa wazungumzaji, hasa zile wanazozikataa, maana hizo ndizo zinazoangusha uchambuzi mbovu. Mwombe mhadhiri wa sintaksia (muundo wa sentensi) alisome kabla hujalituma.

Ajira za uhadhiri ni chache, liweke hilo akilini. Na barua ya kukubaliwa isipotaja posho, usiuze shamba; kiulize chuo kwa maandishi kwanza.