Wajibu, uwajibikaji au hisani?

Swali: Ninatafsiri taarifa ya mwaka ya kampuni moja hapa Posta, Dar es Salaam. Katika sura ya utawala wa kampuni, niandike "wajibu wa kampuni kwa jamii" au "uwajibikaji wa kampuni kwa jamii"?

Jibu: Ndugu msomaji, maneno hayo yana shina moja lakini hayana uzito mmoja. Wajibu ni jambo linalompasa mtu, naye akiliacha hulaumiwa. Ndiyo maana walimu wa madrasa hulitenga na suna, ambayo mwenye kuitenda hupata thawabu na mwenye kuiacha hana dhambi. Uwajibikaji unatokana na kuwajibika, yaani kukubali kuulizwa na kujibu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa polisi huko Shinyanga, Watanzania walisema amewajibika, ijapokuwa yeye mwenyewe hakumgusa mtu.

Kwa hiyo itazame kwanza sheria ya nchi inayohusika. Nchini India, Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni kubwa zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 iliyotangulia kwa shughuli za kijamii, na huo ni wajibu. Kwetu pia, tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, akubaliane na halmashauri. Lakini benki ikipeleka madawati shuleni kwa hiari yake, hiyo ni hisani, neno zuri lisilo na aibu yoyote. Kuiita wajibu ni kumpotosha mwananchi anayesoma taarifa.

Uwajibikaji uuache kwa swali la nani anamjibu nani. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1976, wafanyakazi wana nusu ya viti katika bodi ya usimamizi ya kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000, hivyo menejimenti huwajibika kwao na kwa wanahisa pamoja. Marekani, ambako kwa kawaida wanahisa ndio wanaoichagua bodi, hali ni tofauti.

Ikiwa sura yako inaorodhesha visima na zahanati zilizojengwa kwa hiari, andika "misaada ya kampuni kwa jamii". Ikiwa inaeleza malalamiko ya wananchi yalivyopokewa na kujibiwa, hapo "uwajibikaji" ni neno lake.