Maswali na majibu: Nani yuko kwenye ubao wako?

Safari hii barua nyingi zimehusu kualikana kwenye Trello, programu ya mtandaoni ambayo watu hupangia kazi zao kwa kadi kwenye ubao wa pamoja. Za "nafunguaje akaunti" nimeziweka kando.

Nilituma linki ya ubao kwenye kundi letu la WhatsApp. Sasa naona majina nisiyoyajua. Wameingiaje?

Kwa linki uliyoituma. Ulitaka waingieje? Linki ya mwaliko haimuulizi mtu ametumwa na nani: mwenye akaunti akiibonyeza anaingia, tena kama mshiriki kamili wa kuhamisha kadi na kuandika anachotaka. Na kwenye kundi la WhatsApp, wa kuisambaza hakosekani. Bonyeza Share, uifute. Kuifuta kunazuia wapya tu. Waliokwisha kuingia utawatoa kwa mkono wako, mmoja mmoja. Kisha alika kwa barua pepe. Kazi ni ndefu zaidi, najua, lakini kila aliyeingia utamjua, na mambo yakiharibika utajua wa kumpigia simu.

Ubao umegoma. Tunatazama tu, hatuwezi kubadilisha kitu. Ni hitilafu?

Mko wangapi? Tangu 2024 eneo la kazi (Workspace, yaani mahali mbao zenu zinapokaa pamoja) la bure halipokei zaidi ya washirika 10, na wageni mliowaalika kwenye ubao mmoja tu nao wamo kwenye hesabu hiyo. Mkizidi, mbao zinabaki za kutazama. Kabla ya kulipa pitieni orodha. Sitashangaa mkimkuta aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo akamaliza zamani, na mkubwa fulani aliyeingia mara moja kuwapongeza.

Nimemwalika mwenzangu mara tatu, anasema haoni ubao.

Hili tena! Umemwalika kwa anwani ya ofisi, na akaunti yake kaifungua kwa Gmail. Muulize kwanza anaingia kwa anwani ipi.

Nilimtoa mfanyakazi aliyeacha kazi, lakini bado anaufungua ubao.

Umemtoa kwenye ubao, hujamtoa kwenye eneo la kazi. Ubao ukiwekwa uonekane na eneo zima la kazi, kila aliyemo humo anauona, awe ameorodheshwa kwenye ubao au la. Mtoe kote kuwili. Na ambalo hukuliuliza: alikuwa admini wa mbao ngapi, na nani mwingine ana uwezo huo? Lijibu leo.

Kuna ubaya gani ubao ukiwa wa hadharani? Sisi hatuna siri.

Mnazo, ila hamjui ziko kwenye kadi ipi. Ubao wa hadharani hufikiwa na yeyote, na Google huweza kuuonyesha kwenye matokeo yake. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameacha mbao za Trello wazi, zikiwa na manenosiri ndani. Hao wana wataalamu wa kompyuta. Ninyi mna kijana mmoja anayerekebisha pia printa. Nenosiri halikai kwenye kadi, hata kwenye ubao uliofungwa.

Na kwa wanaodhani kualika ni kitufe kisicho na madhara: Januari 2024 taarifa za akaunti za Trello zaidi ya milioni 15 zilianza kuuzwa mtandaoni. Mhusika hakuvunja nenosiri la mtu. Alichukua rundo la anwani za barua pepe, akaziulizia kupitia mlango uleule uliowekwa ili watu waweze kualikana, akaunganisha kila anwani na jina la mwenyewe. Mlango ulibanwa baadaye.

Kwenye ubao wa mradi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi za programu, niliyemwalika anaona baadhi ya kadi zimefichwa.

Ruhusa ya ubao si ruhusa ya ripozitori, yaani ghala la faili za mradi. Kadi inayotoka kwenye ripozitori ya faragha haonyeshwi mpaka apewe ruhusa huko pia. Akipewa asichelewe: mwaliko wa ripozitori usipokubaliwa ndani ya siku 7 unakufa.

Bosi anataka niandike mwongozo wa ofisi wa kualika watu. Nianzie wapi?

Usianze na picha za skrini zenye mishale myekundu. Vitufe huhamishwa, na baada ya miezi michache mwongozo wako utakuwa unaelekeza watu kwenye kona ambayo haina kitu. Mahali pa kubonyeza watu hupaona wenyewe. Wasichokijua ni uamuzi wa ofisi, na huo hakuna programu itakayowaandikia: nani anaruhusiwa kualika, kwa anwani ipi, mgeni kutoka nje anapewa ubao upi, na nani wa kumtoa kazi ikiisha. Ukurasa mmoja unatosha. Chini yake weka orodha: jina, ubao, nafasi yake, aliyemwalika, tarehe ya kutoka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watakayoiacha wazi, kwa hiyo mwambie bosi wako kabisa: asiye na tarehe haalikwi. Ukimaliza mpe mfanyakazi mgeni kuliko wote, amwalike mtu huku wewe umenyamaza. Pale atakapokugeukia kuuliza, ndipo pa kuandika upya.

Tukiwa wote admini si inarahisisha?

Inarahisisha hata kwa atakayeamka na hasira, kwa sababu admini anaweza kuufunga ubao mzima na kukutoa wewe uliyeuanzisha. Wekeni wawili, wasiokwenda likizo pamoja.