Kusoma Ishara Katika "Miti Mitatu" ya Rembrandt

Miti mitatu juu ya kilima, anga limechafuka: wengi wakiuona mchoro huu wa mwaka 1643 wa Rembrandt, msanii wa Uholanzi, husema papo hapo kwamba ni Golgotha, kilima aliposulubiwa Yesu, na miti ni misalaba mitatu, kisha hawatazami tena. Ufasiri huo una uzito wake, ila uweke mwisho.

Anza na kioo cha kukuzia, kwa sababu chapa yenyewe, yaani picha iliyochapwa karatasini kutoka kwenye sahani ya shaba iliyochorwa, ni ya takriban sentimita 21 kwa 28 tu. Kushoto, ukingoni mwa maji, yuko mvuvi na mwanamke aliyeketi karibu naye. Juu ya kilima, kulia kabisa, mtu ameketi anachora, dhoruba ameipa kisogo. Chini yake, ndani ya kichaka cheusi, wamejificha wapenzi wawili. Hao ndio hupotea kwanza picha ikiwa mbovu.

Hapo ujue sahani ya shaba ilivyofanyiwa kazi. Mistari mingi ililiwa na asidi, lakini mingine Rembrandt aliikwaruza moja kwa moja kwa sindano kavu. Mkwaruzo huo huacha ukingo wa shaba ulioinuka, nao hushika wino na kutoa weusi laini. Kila sahani ikipita kwenye mashine ukingo hulala, na weusi hufifia. Kwa hiyo usipime "huzuni" ya picha kwa chapa moja. Linganisha na zilizotoka mapema. Kumbuka pia kwamba uchapaji hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo mji ulio kwenye upeo, unaodhaniwa kuwa Amsterdam, usiulinganishe na ramani kabla ya kuugeuza.

Mvua ile ya mistari iliyonyooka kushoto juu, inakuja au inaondoka? Watazame watu: hakuna anayekimbia. Mimi naegemea kwamba inaondoka, na hapo maana nzima huelekea kwenye matumaini.

Wapo wanaoieleza picha hii kwa kifo cha Saskia, mke wa Rembrandt, mwaka 1642. Tarehe zinakaribiana kweli, lakini ukaribu wa tarehe si ushahidi. Kwenye sahani hakuna kinachomtaja.

Sasa rudi kwenye misalaba. Miti hii imejaa majani, na matawi yake yamefumana. Rembrandt alipotaka kuonyesha kusulubiwa waziwazi, alifanya hivyo mwaka 1653 katika "Misalaba Mitatu". Hapa, kama msalaba upo, umeachwa uwe mti kwanza.