Jibu: Kwa nini serikali isimamie mitambo ya betri?

Ndugu, umeuliza kwa nini serikali iingilie mitambo mikubwa ya kuhifadhi umeme ilhali kampuni zina wahandisi wao. Tazama Moss Landing, California: Januari 2025 moto uliteketeza jengo lililojaa betri za lithiamu, watu zaidi ya 1,000 wakahamishwa. Seli moja, yaani kipande kimoja cha betri, ikizidiwa na joto huwasha ya jirani, tena hutoa gesi zenye sumu na zinazoweza kulipuka. Machi mwaka huohuo tume ya huduma za umma ya jimbo, inayosimamia kampuni za umeme, ikapanua kanuni zake za uendeshaji na matengenezo zihusu hifadhi za betri pia. Walichelewa mno! Kwangu, kibali kisitoke kabla zimamoto wa eneo hawajashirikishwa kwenye mpango wa dharura, na mkaguzi asilipwe na kampuni anayoikagua.