Mama ameanza kusahau: tumhamishe Magomeni au tumwache?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 74. Amekaa Magomeni tangu aolewe, na nyumba iko kama mita 30 kutoka Barabara ya Morogoro. Tangu mwaka jana anauliza jambo moja mara mbili tatu, na ameshaunguza sufuria mara mbili. Kaka zangu wamejenga Goba, nyumba ya geti, kimya, hewa nzuri, wanataka ahamie huko mwezi ujao. Wamesoma kwamba kuishi karibu na barabara kubwa kunaleta ugonjwa wa kusahau. Ni kweli? Na akihama, kumbukumbu itarudi?

JIBU: Marahaba, dada. Pole, najua swali hili linakunyima usingizi.

Kaka zako hawakusoma uongo. Mwaka 2017 jarida la tiba la The Lancet lilitoa utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, uliofuatilia zaidi ya watu milioni 2 wenye umri wa miaka 55 hadi 85. Waliokaa chini ya mita 50 kutoka barabara kubwa walipata demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, kwa asilimia 7 zaidi kuliko waliokaa mbali kupita mita 300. Kati ya mita 50 na 100 tofauti ilishuka hadi asilimia 4, na baada ya mita 200 ikaisha. Lakini namba hiyo isomwe vizuri. Haina maana kwamba watu 7 katika kila 100 wanaugua kwa sababu ya barabara. Maana yake ni kwamba pale ambapo wangeugua 100, waliugua 107. Tena utafiti wa aina hii unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, haufungi kesi.

Moshi unaufikiaje ubongo? Chembe zinazotuhangaisha hazifiki mikromita 2.5, yaani unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuzishinda mara 20 au zaidi. Pua haizizuii. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu na kuharibu mishipa taratibu, na ubongo unategemea sana mishipa mizima. Ndiyo maana jopo la wataalamu la jarida hilo liliingiza hewa chafu mwaka 2020 katika orodha ya visababishi vya demensia vinavyoweza kupunguzwa. Mwaka 2024 orodha ilifika visababishi 14.

Sasa waambie kaka zako waisome orodha hiyo hiyo mpaka chini. Humo mna upweke. Mna kukaa bila kutembea. Mna presha, kisukari, masikio yasiyosikia na macho yasiyoona. Nyumba ya geti inaweza kumwondolea mama moshi na kumpa upweke siku hiyo hiyo.

Nina mgonjwa mmoja, bibi wa rika la mama yako, niliyewahi kumsindikiza kwa miguu kutoka kwake hadi sokoni. Siku ile hakukumbuka mwaka tulionao. Njia, hata hivyo, aliijua yote: pale kwa fundi cherehani kata kushoto, kwenye mfereji shika ukuta, kisha kwa muuza mkaa, ambaye alimsalimu kwa jina na kumuuliza hali ya mjukuu. Nilihesabu watu kumi na mmoja waliosimama kumsalimu. Kila salamu ilimlazimu kutafuta uso, jina na habari ya mwisho. Hayo ni mazoezi ya ubongo ambayo mimi kliniki siwezi kumpa.

Kuna sababu ya yeye kukumbuka njia na kusahau mwaka. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi, inayosajili mambo mapya na kutuchorea ramani ya mahali tulipo. Katika ugonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayoonekana zaidi, eneo hilo na jirani zake huguswa mapema. Njia ya miaka 40 imeshajikita, inabaki kwa muda mrefu. Njia mpya ndiyo haishiki. Mtu anayeanza kusahau ukimpeleka nyumba ngeni, anaamka usiku asijue choo kiko wapi, na familia inasema kuhama ndiko kulikomfanya augue. Mara nyingi ugonjwa ulikuwepo, ila mtaa wa zamani ulikuwa unamshikilia.

Kwa hiyo, kuhama pekee hakutarudisha kumbukumbu, na mwezi ujao ni haraka mno. Mimi ningeanza na vipimo. Usahaulifu mwingine unatibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, dawa za usingizi au za mzio anazomeza kila siku. Presha, sukari, masikio na mtoto wa jicho viangaliwe pia.

Wakati huo apunguziwe moshi hapo hapo Magomeni. Apike kwa gesi badala ya mkaa, awe na mtu karibu jikoni, na takataka zisichomwe uani. Dirisha la upande wa barabara lifungwe asubuhi na jioni magari yanapojaa. Matembezi yake yapite vichochoro vya ndani. Na atembee kweli: utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliwapa wazee programu ya kutembea dakika 40, siku 3 kwa wiki, na baada ya mwaka mmoja hipokampasi zao zilikuwa zimekua kwa asilimia 2, huku za wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu zikisinyaa.

Mkiamua Goba hata hivyo, aende kwanza wikiendi kadhaa, na kitanda chake mwenyewe kitangulie. Angalia kama kuna msikiti au kanisa la kufika kwa miguu, kama barabara ya vumbi ina makorongo, kama mbwa wa majirani wanafungwa. Wekeni benchi nje ya geti, siyo ndani. Na kama ana kikoba chake Magomeni, apelekwe kila kinapokaa.

Mkija kliniki, leteni dawa zake zote, hata za kienyeji. Na kama mnaweza, mje na jirani wa mlango wa pili. Yeye ndiye anayejua mama alianza lini kupotea.