Mhadhiri na mtafiti wa gridi janja: uanzie wapi, na uepuke nini

Mkuu, umeuliza hivi: una shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme, unalenga kuwa mhadhiri na mtafiti wa gridi janja (mtandao wa umeme unaoendeshwa kwa msaada wa mawasiliano na kompyuta), na hujui kama uegemee ujifunzaji wa mashine kwa kuwa matangazo mengi ya ufadhili wa uzamivu yanautaja. Jifunze, ila usiufanye kuwa mada. Wanaojua kufunza modeli ni wengi na wanazidi kuongezeka. Wanaoweza kueleza kwa nini inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola, kwa mfano, ufae kuingia gridini) ilijitoa kwenye gridi wakati wa hitilafu ni wachache, na kamati za ajira zinalijua hilo.

Nianze na kinachoua tasnifu nyingi: mtandao wa mfano wenye nodi (sehemu za kuunganishia) 33, wa Baran na Wu, wa mwaka 1989. Ni fida (laini ya kusambaza umeme kwa wateja) ya kilovolti 12.66, mzigo wake ni megawati 3.715 na megavari 2.3 za nguvu riaktivu (ile isiyofanya kazi yenyewe ila inaathiri volti), upotevu ni takriban kilowati 203, na volti ya chini kabisa ni karibu 0.913 ya volti ya kawaida, kwenye nodi ya 18. Kila mwaka unatoka lundo la makala zenye algoriti iliyopewa jina la mnyama, mbwamwitu, popo, nyangumi, ikitafuta mahali pa kuweka kapasita au sola ili upotevu upungue. Wahakiki wa majarida makubwa wanazikataa hata kama hesabu zake ni sahihi. Mtandao ule una fezi zilizosawazika, hauna waya wa nyutro wala vidhibiti volti, na mzigo wake ni wa dakika moja iliyogandishwa. Kupunguza kilowati mbili zaidi ya makala iliyotangulia hakumsaidii mwendeshaji yeyote wa fida.

Mtandao huo utumie kama kipimo cha programu yako tu. Andika mwenyewe hesabu ya mtiririko wa umeme, kwanza kwa Newton-Raphson, halafu kwa njia ya kwenda mbele na kurudi nyuma kwenye fida. Usipopata 203 na 0.913, usiendelee, mara nyingi kosa liko kwenye kizio cha msingi cha ukokotoaji, au omu zimeingizwa pale panapotakiwa namba za uwiano. Ukishapata, hamia kwenye mitandao inayosumbua: ule wa IEEE (chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme) wa nodi 123, wenye kilovolti 4.16, fezi zisizosawazika na vidhibiti volti, au ule wa Ulaya wa volti ya chini, wenye nodi 906, wateja 55 na mizigo ya dakika kwa dakika kwa saa 24. Humo ndimo utakapoona kwamba sola ya fezi moja inapandisha volti kwenye fezi yake na kuvuruga fezi nyingine kupitia nyutro, jambo ambalo modeli ya mstari mmoja, inayochukua fezi zote tatu kama moja, hailioni kabisa.

Kwa nini uandike kwa mkono wakati programu zipo? Kwa sababu siku programu itakapokataa kufikia jibu, utatakiwa ujue kama mtandao umefika ukingoni mwa volti, data ni mbovu, au njia uliyochagua haifai. Njia ya haraka ya Stott na Alsaç ya mwaka 1974, kwa mfano, inadhani riaktansi (kizuizi kinachotokana na usumaku) ya laini inazidi sana ukinzani wake. Kwenye laini ndefu za msongo mkubwa hilo ni kweli. Kwenye nyaya za volti ya chini ukinzani ndio mkubwa, na hesabu inazunguka bila kutulia. Mtahini akikuuliza swali hilo kwenye utetezi, jibu la "programu iligoma" halitoshi.

Kwa zana, shika moja ya usambazaji na moja ya mienendo ya haraka, basi. OpenDSS ya EPRI (taasisi ya Marekani ya utafiti wa umeme), ambayo ni huria tangu 2008, inatosha kwa fida na unaweza kuiendesha kutoka Python. pandapower na MATPOWER ni nzuri kwa kujifunza na kwa uboreshaji wa hesabu. DIgSILENT PowerFactory ina thamani ukitaka kuzungumza na kampuni za umeme. PSCAD ni ya mambo yanayotokea ndani ya sehemu ndogo za sekunde. Kukusanya programu kumi kwenye wasifu hakumvutii mtu.

Sasa mfano wa mtego wa zana. Kiwango cha IEEE 1547-2018, cha kuunganisha vyanzo kama sola kwenye gridi, kinatoa mkondo wa msingi wa volti na nguvu riaktivu kwa inveta za Daraja B: chini ya 0.92 inveta inatoa nguvu riaktivu asilimia 44 ya uwezo wake, kati ya 0.98 na 1.02 haifanyi kitu, ikifika 1.08 inafyonza asilimia 44, na muda wake wa kuitikia ni sekunde 5. Mwanafunzi anaiga siku nzima kwa hatua za dakika moja, anaona volti inayumba huku na huku, kisha anaandika kwamba amegundua ukosefu wa uthabiti. Hajagundua kitu. Mwitikio wa sekunde 5 hauonekani kwenye hatua ya sekunde 60. Anachokiona ni mizunguko ya udhibiti ndani ya programu, ambako kila inveta inaruka mara moja hadi thamani mpya na majirani zake wanafanya hivyohivyo. Punguza kipimo cha badiliko la nguvu riaktivu kwa kila mzunguko na mayumbo yanakwisha. Kama kweli unataka kuchunguza uthabiti, shuka kwenye hatua ndogo na uingize mienendo ya kidhibiti.

Utabiri wa mzigo nao una makaburi yake. Makosa ni yaleyale. Data inasanifishwa kwa kiwango cha juu na cha chini cha mfululizo wote kabla ya kutenganisha sehemu ya kufunzia na ya kupimia, kwa hiyo modeli imeshachungulia kesho. Au siku zinachanganywa ovyo badala ya kukatwa kwa mpangilio wa wakati. Au joto lililopimwa linatumika mahali pa joto lililotabiriwa, na hakuna mwendeshaji mwenye joto halisi la kesho asubuhi. Au kosa la asilimia linapimwa kwenye nyumba moja ambayo usiku mzigo wake unakaribia sifuri, namba zinalipuka. Kabla ya modeli yoyote, weka mpinzani wa bure: mzigo wa saa ileile wiki iliyopita. Usipomshinda kwa tofauti inayoeleweka, huna makala. Data za kuanzia zipo wazi, kama zile za mita janja za London za kaya 5,567, zilizopimwa kila nusu saa kuanzia Novemba 2011 hadi Februari 2014.

Usalama wa mtandao wa gridi ni mada inayovutia na imesongamana mno. Mwaka 2009 Liu, Ning na Reiter walionyesha kwamba anayejua muundo wa mtandao anaweza kughushi vipimo bila ukaguzi wa masalio (tofauti kati ya vipimo na makadirio) kumkamata, na tangu hapo makala zimemiminika, nyingi zikikaa kwenye modeli ileile iliyorahisishwa. Lakini angalia kilichotokea Ukraine Desemba 2015: washambuliaji waliingia kwenye kompyuta za waendeshaji wakafungua swichi kwa mbali, na wateja takriban 225,000 wakakosa umeme. Hawakuhitaji kughushi hata kipimo kimoja. Mada nzuri zaidi ziko karibu na vifaa na itifaki zenyewe, mfano ujumbe wa kinga (mfumo unaokata umeme panapotokea hitilafu) wa kiwango cha mawasiliano cha IEC 61850, ambao kwa amri za kukata umeme unatakiwa ufike ndani ya milisekunde 3, na hivyo kila ulinzi unaouongeza unakula muda huo.

Ukiniuliza mada yenye miaka mingi mbele, nitasema inveta na kinga, hasa pale zinapokutana. Tukio la Australia Kusini la tarehe 28 Septemba 2016 linatosha kama somo. Dhoruba iliangusha minara, volti ikazama mara kadhaa ndani ya muda mfupi, na mashamba tisa ya upepo yakapunguza jumla ya megawati 456 kwa sababu mitambo yake ilikuwa na kikomo cha idadi ya mizamo inayovumiliwa. Kikomo hicho hakikuwemo kwenye modeli alizokuwa nazo mwendeshaji wa mfumo. Laini ya kuunganisha na jimbo jirani ikazidiwa, ikajikata, na wateja takriban 850,000 wakabaki gizani. Mstari mmoja wa programu ndani ya mtambo ndio uliokosekana kwenye uigaji wa mfumo mzima. Kupata modeli sahihi, kuzipima dhidi ya rekodi za hitilafu na kuonyesha zinapodanganya ni kazi isiyo na mbwembwe, na ndiyo inayonukuliwa.

Kazi hiyo inahitaji maabara, na maabara ina mitego yake. Mashine za uigaji wa wakati halisi kama RTDS na OPAL-RT kwa kawaida hukimbia kwa hatua ya mikrosekunde 50 hivi. Inveta inayowasha na kuzima mara 10,000 kwa sekunde ina mzunguko wa mikrosekunde 100, yaani hatua mbili tu kwa mzunguko. Mawimbi utakayoyachora hayana maana. Tumia hatua ndogo ya mikrosekunde chache, au modeli ya wastani, isiyoonyesha kila kuwasha na kuzima, na useme wazi ni ipi. Ukiunganisha uigaji na kifaa halisi kupitia kikuza nguvu, ucheleweshaji wa kile kikuza unaweza kuufanya mfumo ulipuke hata kama mzunguko halisi ni thabiti. Kwa njia rahisi ya kuunganisha kwa volti, impidansi ya upande unaoigwa inatakiwa iwe ndogo kuliko ya kifaa. Piga hesabu hiyo kabla ya kuwasha. Kikuza nguvu ni ghali. Kwa vipimo vya vekta vya wakati mmoja (ukubwa na pembe ya volti, vikipimwa sehemu mbalimbali kwa saa moja), kumbuka kwamba saa ikikosea mikrosekunde 31.8 kwenye gridi ya hezi 50, umeshamaliza asilimia 1 yote ya kosa linaloruhusiwa, hata kama volti umeipima kwa usahihi kamili.

Basi, msimamizi. Jina kubwa si kigezo cha kwanza. Angalia wanafunzi wake watano au sita wa mwisho: walimaliza kwa miaka mingapi, wako wapi sasa, na nani alikuwa mwandishi wa kwanza kwenye makala zao. Uliza kama kikundi kina mkataba unaoendelea na kampuni ya umeme au mtengenezaji wa vifaa, kwa sababu data ya fida halisi haipatikani kwa barua pepe ya heshima. Inahitaji mkataba wa usiri, na ikigusa mita za nyumbani inahitaji pia kibali cha maadili. Yote mawili yanaweza kula miezi mingi, kwa hiyo yaanze mwaka wa kwanza. Na mkataba usome: wapo wanaofika mwaka wa tatu ndipo wanagundua hawaruhusiwi kuchapisha michoro ya mtandao. Barua yako ya kwanza kwake iwe fupi, itaje makala yake moja, kasoro au swali uliloliona humo, na kiungo cha programu uliyoandika.

Uzamivu Ulaya huchukua miaka mitatu hadi minne na mara nyingi unaingia ukiwa na uzamili. Marekani ni karibu mitano, pamoja na masomo na mtihani wa kuhitimu kuendelea. Nafasi za Marie Curie, za ufadhili wa Umoja wa Ulaya, zina sharti linalowaponza wengi: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoombea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Aliyewahi kufanya uzamili wa miaka miwili nchini humo muda si mrefu anakuwa amejifungia mlango.

Kuchapisha: makala mbili au tatu nzito kwenye majarida ya IEEE Transactions on Power Systems, Smart Grid au Power Delivery zinazidi kumi za mikutano isiyojulikana. Kwa mikutano ya fani hii, PSCC hufanyika kila baada ya miaka miwili na ina uhakiki mkali, PowerTech na CIRED huangukia miaka isiyogawanyika kwa mbili, na kikao cha CIGRE cha Paris miaka inayogawanyika. Panga kazi yako kwa kurudi nyuma kutoka tarehe hizo. Weka programu na data hadharani pale mkataba unaporuhusu. Kinachotumiwa na wengine kinanukuliwa.

Ukifika kwenye maombi ya uhadhiri, sehemu inayodharauliwa ni ufundishaji. Idara nyingi zinatafuta mtu wa kufundisha mashine za umeme, kinga na elektroniki za nguvu, na wahadhiri wakongwe wa masomo hayo wanastaafu. Ukiwa umesimamia maabara ya mashine na unaweza kulishika somo la kinga muhula wa kwanza tu unapoingia, umemzidi mshindani mwenye makala nyingi za utabiri. Kwenye mhadhara wa usaili, nusu ya wasikilizaji ni watu wa mawasiliano na elektroniki, hivyo tumia dakika kumi za mwanzo kueleza tatizo la kimwili bila mlinganyo wowote. Barua tatu za mapendekezo zitaombwa. Moja ikitoka kwa mhandisi wa kampuni ya umeme aliyetumia matokeo yako, ina uzito wake. Na kama nafasi za chuo hazijapatikana, miaka miwili au mitatu kwenye maabara za taifa za utafiti, kwa mwendeshaji wa gridi au kwa mtengenezaji wa rilei (vifaa vya kinga) haikufukuzi kwenye taaluma hii, mradi umeendelea kuchapisha walau makala moja kwa mwaka na umekubaliana na mwajiri tangu mwanzo, kwa maandishi, ni kitu gani utaruhusiwa kuchapisha.