"Infrangible": lifumue kabla hujaliandika

Msomaji ameuliza kama aandike "infrangible" kwenye insha yake ya Kiingereza badala ya "unbreakable". Inategemea ni kitu gani hicho kisichovunjika.

Lifumue kwanza. "In-" inakanusha, "frang-" ni mzizi wa kitenzi cha Kilatini "frangere", yaani kuvunja, na "-ible" inaonyesha uwezekano. Kiingereza kililipata mwishoni mwa karne ya 16 kupitia Kifaransa. Kitenzi hichohicho kina umbo la "fractus", kilichovunjwa, ndiko zilikotoka "fracture" ya mfupa na "fraction" ya hesabu. "Fragile" inayobandikwa kwenye maboksi ya vioo ni ya ukoo huohuo. Mzizi mmoja, maneno chungu nzima! Acheni kukariri orodha, jamani. Fumueni maneno.

Mtego uko kwenye "infringe", kukiuka sheria au haki. Mzizi ni uleule, ila "in-" yake haikanushi. Ni ile ya kuelekea ndani. Irabu nayo imegeuka, kwa sababu Kilatini kikitanguliza kiambishi, "frangere" huwa "infringere". Basi ukiandika "infringible" umesema kinyume kabisa: kinachoweza kukiukwa. Shika a.

Kwenye matumizi, neno hili linakaa vizuri zaidi na kiapo, kanuni au urafiki, vile vitu ambavyo hata sisi tunasema vimevunjwa ingawa havina vipande vya kuokota. Kikombe cha plastiki kiachie "unbreakable". "Infrangible" hapo inasikika kama majivuno. Ajabu ni kwamba "frangible", bila ule ukanushi, iko kazini kila siku. Nguzo za taa zilizo karibu na njia ya kurukia ndege hutakiwa kuwa "frangible": ndege ikizigonga zikatike zenyewe, zisiipasue. Zipo pia risasi za mazoezi za aina hiyo, ambazo husagika zikigonga chuma kigumu badala ya kurudi kwa mpigaji.

Kulitamka: in-FRAN-ji-bol, mkazo kwenye silabi ya pili, na g isomwe j. Mwisho ni "-ible", si "-able".

Na kama unachokisifu ni hoja isiyopingika, hili si neno lako. Tumia "irrefragable", mkazo wake nao uko silabi ya pili, na hilo ndilo linaloishia na "-able".